Turubai kwa Mtu Aliye Hai

Alhamisi moja, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mwanamke mmoja aliingia katika ofisi ya kampuni ya bima ya afya akakaa kwenye benchi la mbele. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili tangu mumewe alazwe.

Ndugu zangu, huu ni mfano. Kampuni hiyo msiitafute mjini, na mwanamke huyo usimtafute kwenye benchi lako. Ila ukihisi unamfahamu, sitakubishia.

Mume alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha unga. Kwa miaka kumi na mmoja alikatwa bima kabla mshahara haujamfikia mkononi, na kwa miaka hiyo yote hakulazwa hata siku moja. Kisha daktari akamkuta na uvimbe kwenye utumbo. Akamwambia mke wa fundi kwamba uvimbe huo utolewe kabla haujaziba njia, na kwamba ukishaziba hataweza kumwahidi kitu. Hospitali ilikuwa tayari. Daktari alikuwa tayari. Kilichokosekana ni barua moja ya kibali kutoka bima, na bila barua hiyo mgonjwa haingii chumba cha upasuaji.

Mke akaanza kuifuata barua. Mara ya kwanza aliambiwa fomu haina muhuri. Akarudi na muhuri. Mara ya pili aliambiwa faili limepelekwa kwa daktari mshauri wa kampuni, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona wala kusikia jina lake. Mara ya tatu alipewa jibu la maandishi: ombi limekataliwa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima. Ushahidi? Miaka kumi na miwili nyuma, yule fundi aliwahi kwenda zahanati akiumwa tumbo. Alipewa vidonge vya kiungulia.

Nawauliza nyinyi mliokaa hapa. Nani kati yetu hajawahi kuumwa tumbo? Anyooshe mkono, tumpeleke huko akawe mfano wa mteja wanayemtaka.

Siku hiyo ya Alhamisi, binti wa dirishani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia kwamba rufaa yake imeingia kwenye mfumo, na mfumo haujarudisha jibu.

“Mwanangu,” mama akamuuliza, “huyo mfumo anakaa wapi? Nipe tu mtaa, nitamfuata mwenyewe.”

Binti akainamisha kichwa. Akamwambia mama arudi Jumatano.

Sasa sikilizeni kilichotangulia, maana hapa mfano unatukaribia. Wiki mbili kabla, mama huyu alikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya yake ya kanisa. Hakwenda kuomba mchango. Alitaka watu wawili watatu wa kufuatana naye kwenye zile ofisi, kwa sababu mtu mmoja akisimama dirishani anaonekana nusu mtu. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima. Akamwambia yeye ana bahati, ana kadi ya bima, na jumuiya ina wajane wasio na kadi yoyote. Akamwahidi maombi. Maombi yalifanyika kweli, Jumatano, na jina la mume lilitajwa.

Kwa hiyo alipotoka ofisini Alhamisi ile, mama alitembea hadi kituo, akasimama, akawaza. Kisha akampigia simu mwenyekiti. Alisema maneno machache sana. Alisema: njooni kwangu Jumamosi saa tisa mchana, na mje na turubai na viti.

Hakusema zaidi. Mwenyekiti naye hakuuliza zaidi. Kwetu mtu akiomba turubai na viti, nani huuliza?

Jumamosi saa nane na nusu turubai lilikuwa limefungwa. Viti vilishushwa kutoka kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Akina mama walifika na sufuria, mchele na vitenge viunoni, na kuni zikapasuliwa. Kabla ya saa tisa kamati ilikuwa imepatikana: mwenyekiti, katibu, mtunza fedha, mtu wa usafiri, mtu wa jeneza, na mzee mmoja ambaye kazi yake kwa miaka yote ni kufuatilia kibali cha kuzika. Mzee huyo anasifika. Hajawahi kukipata baada ya saa sita mchana.

Walipomaliza kupanga, mwenyekiti alimkaribia mama kwa sauti ya chini.

“Pole sana, mama. Sasa tuambie, mwili uko hospitali gani?”

“Uko pale pale, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani,” mama akajibu. “Asubuhi umekunywa uji. Umelalamika hauna sukari.”

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshaanza kulia akafuta machozi, akakasirika kwamba amelia bure. Mwenyekiti alisimama wima.

“Mama, msiba hauchezewi.”

“Mimi sikutamka msiba, baba mwenyekiti. Niliomba turubai na viti. Msiba mmekuja nao nyinyi.” Akawatazama wote. “Nilikuja kuomba watu watatu nikiwa na mgonjwa, sikupata. Leo mmedhani nina maiti, nawahesabu thelathini na wanne. Basi naomba kamati hii hii. Ila mnifanyie kazi akiwa bado anapumua.”

Wapo walioinuka kwenda zao, na wapo waliosema mama huyu ana dharau. Aliyewarudisha vitini ni yule mzee wa vibali. Aliuliza swali moja tu: kama yeye anaweza kupata ruhusa ya kumweka mtu ardhini katika nusu siku, imekuwaje ruhusa ya kumzuia asiende ardhini ichukue siku ishirini na nne? Pilau lilikuwa limeiva. Wakala, wakapanga.

Jumatatu saa mbili asubuhi, watu thelathini na wanne waliingia kwenye ofisi ya bima na viti vyao vya plastiki. Hawakupiga kelele wala kuimba. Kila mmoja alikuwa na nakala ya ile barua ya kukataa, na kila mmoja kwa zamu yake alikwenda dirishani akauliza swali lile lile kwa adabu: daktari aliyeandika hivi ni nani, na lini alimpima mgonjwa? Kisha anarudi kukaa. Chai ilimiminwa kutoka kwenye chupa. Wateja wengine waliokuwa wakisubiri waliomba nao vikombe.

Saa sita na dakika kumi meneja alishuka ngazi. Saa nane na dakika ishirini na tano kibali kilitoka.

Uvimbe ulikuwa ule ule, faili lile lile, na vidonge vya kiungulia bado vilikuwa ndani yake. Kilichoongezeka ni viti.

Naona mnatabasamu. Nilijua mtatabasamu, ndiyo maana sijamaliza.

Kwenye wodi namba tatu, kitanda kilichofuata, alilala mwanamume mwingine, mlinzi wa ghala. Kadi yake ilitoka kampuni ile ile. Naye alikuwa anasubiri barua, siku ya kumi na tisa. Alikuwa mgeni katika mji ule, jumuiya hana, mke yuko mkoa wa mbali. Fundi alipokuwa anapelekwa kwenye upasuaji, mlinzi alimpungia mkono, akamuuliza mama walifanyaje. Mama akamweleza habari ya viti. Yule bwana akacheka. Akasema yeye ana kiti kimoja tu, na hicho ameazimwa na wauguzi.

Ndugu zangu, haki inayopatikana kwa anayejua kukusanya watu thelathini na wanne si haki, ni bahati yenye wafuasi wengi. Mtu amelipia. Amekatwa mwezi baada ya mwezi. Hastahili kuomba kama mwenye kubembeleza. Katika nchi ya mfano wangu hakukuwa na sheria ya kusema jibu litoke ndani ya siku ngapi, wala sheria ya kumtaka anayekataa aweke jina lake chini ya kukataa kwake. Watu walinung'unika sokoni, walinung'unika saluni, walinung'unika hapa mlangoni baada ya ibada. Mbunge wao alipoitisha kikao cha maoni kuhusu bima, walikwenda watu sita. Siku hiyo tulikuwa na mazishi.

Ndiyo, nimesema tulikuwa. Hasira yetu juu ya kampuni ni ya haki, na sitawaambia muitulize. Nasema tumeipeleka mahali pabaya. Tunajua kuunda kamati kwa dakika kumi. Tunajua kupata gari, sufuria, muhuri na saini. Ujuzi huo wote tumeuweka akiba kwa ajili ya mtu ambaye hauwezi tena kumsaidia, na kwa mgonjwa tunabakiza maombi ya Jumatano. Mungu anayasikia. Nadhani anatusubiri pia tuinuke.

Na zaidi ya hapo: Jumatatu ile watu thelathini na wanne walikaa saa sita ndani ya ofisi moja, wakauliza habari za faili moja. Lilipojibiwa, walikunja viti wakarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza ni mafaili mangapi yamebaki kule juu. Mimi nisingeuliza. Wewe ungeuliza?

Fundi alipasuliwa Jumatano saa tatu asubuhi, na sasa amerudi kinuni.

Mlinzi wa ghala alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kamati ilikaa dakika kumi. Kibali cha kuzika kilipatikana kabla ya saa sita mchana. Alizikwa Jumamosi, saa nane. Walikuja wote thelathini na wanne, na viti vilitosha.