Mfereji wa Mwalimu Ambakisye

Ndugu mpendwa, hadithi hii usiisome ukimfikiria jirani yako. Isome kwanza ukijifikiria mwenyewe. Ikikuchoma, ndipo umpelekee mwingine.

Palikuwa na shule mbili za msingi katika uwanja mmoja, A na B, kama mapacha walalao kitanda kimoja. Kati ya majengo yao lilisimama tangi kubwa la saruji. Mvua ya paa la A na mvua ya paa la B ilishuka kwa mifereji miwili hadi tangi hilo moja, na watoto wa pande zote mbili walikunywa humo.

Shule A iliongozwa na Mwalimu Ambakisye, msomi, mwombaji na mzee wa kanisa. Shule B iliongozwa na mwanamke, Mwalimu Tusajigwe, aliyehamia pale miaka mingi baada yake. Wazazi walipoanza kusema, "Kwa Tusajigwe madarasa yanang'aa," neno hilo lilimkaa Ambakisye kama mwiba wa samaki kooni. Hakuumeza, wala hakuutema.

Likizo ya Desemba ilipokaribia, Tusajigwe aliwaita wazazi wa shule yake.

"Januari haiji ghafla," akawaambia. "Tunaijua siku yake sote. Mvua ikianza mtakuwa mashambani, nami sitawapata. Basi tuanze na paa na tangi, jua lingalipo. Tukimaliza hayo tuingie madarasani."

Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya wazazi, ukaanza. Ambakisye alisimama nyuma ya pazia la ofisi yake akitazama. Kila ndoo ya tope iliyotolewa tangini, aliiona kama imemwagwa juu ya jina lake.

Mkewe alimletea chai, akamkuta bado amesimama.

"Baba Lugano, pazia hilo litachanika. Kama kazi yao inakupendeza, si uende ukashike ufagio?"

"Anajionyesha tu yule."

"Basi na wewe jionyeshe. Paa lako limeota majani, karibu tuchume mboga."

Mchana huo Tusajigwe alikuja mlangoni, kilemba chake kimejaa vumbi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kwetu tumemaliza juu, na wazazi bado wana nguvu. Tuazime ngazi yenu ndefu, tufagie na paa la kwenu kabla ya mvua. Liko juu, ngazi yetu haifiki, na kunguru wamelifanya choo."

"Ngazi imevunjika," akajibu Ambakisye.

Ngazi ilikuwa nzima, imelala nyuma ya ofisi, naye alilijua hilo. Ole wetu! Ulimi ulioongoza sala madhabahuni Jumapili, Jumatatu ukasema uongo kwa ajili ya ngazi.

Baadaye Afisa Elimu wa Kata alipita, akachungulia tangini, akamshika Tusajigwe mkono. "Hili ni tangi la mfano. Siku ya kufungua shule nitakuja na wageni, nao watakunywa humu." Kisha akaenda zake, bila hata kugeuza shingo upande wa A.

Jioni ile ile Ambakisye aliichukua ngazi aliyosema imevunjika. Akapanda na msumeno, akaukata mfereji wake mahali ulipotoka paani kwenda tangini, juu ya mlango wa darasa la kwanza.

"Tone la paa langu," akanong'ona, "halitaujaza utukufu wa mwanamke yule."

Husuda ni kuoza kwa mifupa, ndugu yangu. Mtu husimama, hutembea, huimba kwaya kwa sauti nzuri, na ndani anabomoka.

Mvua zikaja kwa nguvu. Siku moja Tusajigwe alibisha hodi ofisini, mwavuli wake ukitiririka. "Kaka! Nina neno kuhusu mlango wenu wa darasa la kwanza!" Ambakisye alikaa kimya nyuma ya pazia mpaka nyayo zake zikapotea.

Yeye usafi wake alikuwa ameupangia wiki ya mwisho ya likizo. Wiki hiyo ilipofika, wazazi walikuwa wakipanda mahindi, na waliokuja walikuwa wachache kuliko mifagio. Akapaka chokaa mawe ya njiani, macho ya wageni yaone weupe. Madarasa hakuyafungua. "Watoto watafagia wenyewe," akasema. "Si huja na mifagio siku ya kwanza?"

Siku ya kufungua ikafika. Afisa alikuja na wageni wake, kikombe kikachota tangini, na maji yakatoka meupe kama kioo. Wakanywa, wakasifu. Ambakisye alisimama pembeni.

Ndipo Tusajigwe akainua mkono.

"Msinisifu peke yangu. Paa la A halikufagiwa. Maji yake yangeingia humu, leo pasingekuwa na mtu wa kunywa. Mwalimu Ambakisye ndiye aliyekata mfereji wake kabla ya mvua."

Makofi yakalipuka, vigelegele vikafuata. Afisa akampa mkono. Ile sifa aliyoililia sasa ilikuwa mdomoni mwake, nayo ilikuwa chungu kama shubiri.

Kabla hajajibu, mzazi mmoja alipiga kelele upande wa A. "Njooni muone!"

Mlango wa darasa la kwanza ulikuwa umefunguliwa. Maji ya paa, yaliponyimwa tangi, yalikuwa yameporomoka ukutani na kupita chini ya mlango. Kinyesi cha kunguru, majani yaliyooza, madawati yaliyovimba. Mbele ya mlango walisimama watoto wa darasa la kwanza, mashati meupe, viatu vipya, mikononi mifagio midogo isiyoweza kitu mbele ya uchafu ule.

"Waje kwangu," alisema Tusajigwe. "Tutabanana."

Ambakisye angeweza kunyamaza. Sifa ilikuwa bado yake, na hakuna aliyemtuhumu. Lakini aliwatazama wale watoto, na mwiba ule wa kooni ukatoka.

"Dada," alisema mbele ya wote, "mfereji ule sikuukata kwa ajili ya maji. Niliukata kwa ajili yako."

"Najua. Nilikuona juu ya ngazi. Ile iliyovunjika."

Mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Basi mbona umenisifu?" Ambakisye akauliza.

"Maji ni safi, kwa hilo nimeshukuru. Ulitaka kunipunguzia maji, Mungu akautumia msumeno wako kuwalinda watoto. Moyo wako anaujua Yeye. Ila nilikuja kukuonya kuhusu mlango huu, ukanyamaza."

"Nilikuwemo ofisini."

"Najua pia, kaka. Pazia lilitikisika."

Ambakisye akavua koti, akamwomba mtoto mmoja ufagio wake, akaingia katika tope lile na viatu vyake vya kanisani.

Tusajigwe akakunja mikono ya gauni, akamfuata.

Funzo: Mwenye wivu humchungulia jirani dirishani mpaka mvua imkute na uchafu wake mwenyewe. Safisha paa lako jua lingali linawaka. Na ukiona mwenzako ametangulia, mpe ngazi.