Springi za Korongo Namba Tatu

Hadithi!
— Ije kwa magurudumu mawili!
Ikifika?
— Tuipande!
Ikiteleza?
— Tushike breki!

Basi shikeni. Waliokuwapo siku zile Kwamabwe ni hawa, nami nitawataja mmoja mmoja ili baadaye pasiwe na ubishi. Alikuwapo Kobe, jina lake Shemndolwa, mwamuzi. Alikuwapo Nungunungu, jina lake Semboja, fundi baiskeli. Walikuwapo Kanga na dada zake watatu, wapishi. Alikuwapo Fisi, jina lake Mang'enya, mwenye taya za kuvunja mfupa wa nyati. Alikuwapo Pimbi, jina lake Kaoneka, ambaye ukimtia kwenye kikapu cha mayai, nafasi ya mayai inabaki. Mjomba wa Fisi, Mzee Shekiondo wa ng'ambo ya mto, mwanzoni hakuwapo. Alikuja baadaye, na mtaona alivyokuja.

Pimbi aliishi katika pango la jabali, yeye na mkewe na watoto saba. Fisi akalitaka pango lile.

"Masika yanakuja," akasema, "na mimi ni mkubwa. Mkubwa hanyeshewi."

Wakaenda kwa Kobe. Kobe akafikiri siku tatu, akakata shauri: "Jumamosi mtashuka mlima kwa baiskeli. Atakayegusa maji ya mto kwanza, pango ni lake."

Pimbi akaruka kwa furaha. Baiskeli ya mlimani anayo, na njia ile ya mawe anaijua jiwe kwa jiwe. Akapanda kujaribu. Chwi-chwi, chwi-chwi, chwi-chwi... tang! Foku ya mbele, uma unaoshika gurudumu, ikazama, haikuinuka tena. Springi mbili za ndani ya foku, zile zinazomeza mishtuko ya mawe, zimekatika zote.

Akaikokota baiskeli mpaka kwa Nungunungu.

"Fundi, nitilie springi!"

Nungunungu akafungua foku, akachungulia, akaguna. "Hii ni Korongo Namba Tatu, mgosi. Si Namba Mbili, si Namba Nne. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani."

"Jaribu nyingine!"

Wakajaribu springi ya kalamu. Pwii! Laini mno. Wakajaribu springi ya kochi. Dwiii! Ikamrusha Pimbi juu ya bati. Nungunungu akaleta springi ya mtego wa panya.

"Hiyo itoe!" Pimbi akapiga kelele. "Unadhani mikia yetu ilikwenda wapi?"

"Basi nchi hii imebaki jozi moja tu," akasema Nungunungu. "Iko shingoni mwa Fisi."

Kweli, Fisi alizivaa kama kidani. Baiskeli yake ilikuwa Namba Sita, springi zile haziingii. Alizivaa kwa sababu Pimbi anazihitaji.

Pimbi akaenda. "Mtani wangu Fisi, niuzie springi."

"Siuzi."

"Niazime."

"Siazimi."

"Nipe basi, watoto wangu saba watalala wapi?"

"Sikupi. Kafungashe vyombo, mtani. Jumamosi pango lifagiliwe."

Pimbi akarudi kichwa chini. Alipofika nusu ya njia akasimama. Mtani! Fisi kalisema kwa kinywa chake mwenyewe. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Fisi ni watani tangu mababu, na mila inajulikana: penye msiba, mtani huingia kaburini, hulala humo, na hatoki mpaka wafiwa wampe anachotaka. Asipotoka, haziki mtu. Wasipozika, hali mtu.

Akageuza mbio. "Mtani! Pole, mtani! Mjomba wako Shekiondo hatunaye!"

Fisi hakuuliza amekufa kwa nini. Aliuliza, "Wamechinja?"

"Wachinje vipi, na mfiwa mkuu ni wewe? Maiti inavushwa mto sasa hivi. Chimba kaburi! Injika sufuria!"

Fisi akachimba kando ya njia ya kushukia mtoni, penye udongo laini. Fuku, fuku, fuku! Akawaita Kanga na dada zake, wakainjika wali na mbuzi. Tokoto, tokoto, tokoto. Harufu ikapanda mlima. Fisi akalia kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwenye sufuria.

Pimbi akatumbukia kaburini. Pu! Akajinyoosha.

"Sitoki!"

"Kuku huyu hapa, mtani. Toka."

"Sitoki!"

Tokoto, tokoto.

"Shuka mpya hii hapa. Toka!"

"Sitoki! Ila hiyo shuka nifunikeni, kuna baridi huku."

Tokoto, tokoto. Nyama ikaanza kuachana na mfupa. Fisi akainama juu ya kaburi, mate yanamdondoka.

"Unataka nini, wewe?"

"Unaninyeshea, mtani, na masika hayajafika. Nataka kidani."

"Sikupi!"

Kanga akafunua sufuria. "Mzee Fisi! Wali unaungua!"

Kacha! Fisi akakata kamba ya shingoni. Springi zikaanguka kaburini: ting! ting! Pimbi akatoka kama aliyeumwa na siafu, springi kifuani.

Fisi akafinyanga tonge la kwanza. Kabla halijafika kinywani, mzee mmoja akatokea mtoni, amelowa mpaka masikio, bakuli mkononi.

"Nimesikia harufu, nikajua pana msiba. Nani amefariki?"

"Wewe, mjomba."

Mzee Shekiondo akawaza kidogo. "Maskini mimi. Basi nipakulieni."

Fisi akanguruma, akamrukia Pimbi. Kobe, aliyekuja msibani, akanyoosha shingo katikati yao. "Mang'enya! Mtani hakasirikiwi. Na kilichotolewa kaburini hakirudishwi."

Hasira zote Fisi akazimalizia kwenye sufuria. Alikula mpaka ukoko.

Kesho yake ndiyo Jumamosi. Nungunungu alikwisha kuzitia springi, nazo zilikaa kama zilizozaliwa humo. Kobe akaangusha jani. Pimbi huyo! Chwi-chwi juu ya jiwe, chwi-chwi juu ya mzizi, foku inazama, inainuka, inazama, inainuka! Nyuma yake Fisi na tumbo lake, foku imelala chini kabisa: gwa! gwa! gwa! Watoto saba juu ya jabali wanapiga mayowe, "Baba! Anakufikia! Baba!" Kweli, uzito unateremka haraka. Fisi akamfikia, akampita, akageuka nyuma kumcheka, baiskeli ikaacha njia.

Puuu! Akaingia kaburini, yeye na Namba Sita yake.

Pimbi akapita pembeni. "Toka, mtani!"

"Sitoki!" Fisi akalia. "Tumbo limekwama!"

Chubwi! Pimbi akagusa maji. Masika yalipokuja, watoto saba walilala pakavu.

Hadithi yangu imefika mtoni, imelowa matairi. Mwenye nguvu aikokote mpaka kwake. Na funzo lake, shikeni sana: msiseme uongo, kwa maana mwongo hafiki mbali. Pimbi alifika mtoni tu.

Jumatano iliyofuata mbio zile, Kobe alimpelekea Fisi habari nyingine ya msiba. Fisi akacheka mpaka akakaa chini, wala hakuinjika chungu.

Mzee Shekiondo alikufa Jumanne.