Barua Iliyolainishwa

Wapendwa, wekeni Biblia zenu chini kidogo, tutazirudia. Leo nataka kwanza niwapeleke ofisini. Najua hakuna anayependa kwenda huko, hasa zile ofisi ambazo ukifika unaambiwa mhusika ametoka kidogo. Lakini twendeni, hatutachelewa sana.

Alikuwepo mama mmoja na mumewe, wakulima wa viazi, watu wa huko juu milimani. Majina yao siwapi, kwa sababu wangeweza kuwa wewe na mimi. Binti yao tu ndiye nitakayempa jina, maana habari hii yote inahusu jina lake kuwa ndani ya kitabu. Tumwite Sekela.

Sekela alikuwa na miaka minane kipindupindu kilipoingia. Akapelekwa hospitali ya mjini, na wazazi wakazuiwa nje ya uzio, maana ndiyo ilikuwa amri siku zile. Mama alisimama pale siku mbili ameshika kanga ya bibi yake Sekela. Mtoto yule hakuweza kupata usingizi bila kushika kanga ile na bila mtu wa kulala naye ubavuni. Mama akamsihi mlinzi aipeleke ndani, mlinzi akasema hairuhusiwi. Siku ya tatu akatoka muuguzi, akawaambia kwa upole kwamba mtoto amefariki, na manispaa imeshamzika. Wakaambiwa warudi nyumbani. Wakarudi na kanga yao.

Ikapita miaka ishirini na sita. Walilima, wakalea watoto wale wengine, wakawaoza, wakapata wajukuu. Hawakuzoea. Naona akina mama wawili watatu wameinamisha vichwa, na ninyi sina haja ya kuwaeleza.

Kisha mzee akashikwa na presha ya macho. Daktari hakumficha, akamwambia, "Mzee, umebakiwa na kama mwaka mmoja wa kuona. Ukibahatika, na miezi kidogo."

Walipotoka nje mzee akasimama, akasema, "Mama Sekela, shamba nimeliona vya kutosha. Ila nataka macho haya yaone alipolala mtoto, kabla hayajazima."

"Tutapaonaje, baba, na hatukuonyeshwa?"

"Manispaa ndio waliozika. Na waliozika waliandika. Twende tukawaulize."

Na kweli waliandika. Kulikuwa na kitabu cha maziko, kikubwa, chenye jalada gumu, kwenye rafu ya ofisi ile ile ya manispaa. Tena sheria ya nchi yao ilisema wazi kwamba mwananchi akiomba taarifa iliyoko mikononi mwa serikali, ajibiwe ndani ya siku thelathini. Mwalimu wa shule ya jirani akawaandikia barua nzuri, yenye YAH na mistari yake. Mama akaipeleka kwa mkono wake, ikagongwa muhuri, IMEPOKELEWA. Nakala aliyorudishiwa akaifunga ndani ya ile kanga.

Sasa nisikilizeni kuhusu karani wa masijala. Mzee Ngailo, usitabasamu, najua ulikaa masijala miaka thelathini, na wewe nitakufikia. Karani huyu alikuwa mtu mwema. Nasema kwa makusudi, kwa sababu ninyi mmeshaanza kumtafutia jina baya. Mama alikuja kila Jumanne, akishuka na lori la viazi, na karani akimwona mlangoni alikuwa anainuka.

"Karibu mama yangu. Kaa hapa kwenye kiti changu."

"Asante, baba. Kuna jibu?"

"Barua yako ipo, mama. Inashughulikiwa."

Halafu anammiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Siku moja mvua ilinyesha, akampa mwavuli wake, akarudi kwake ameloa. Mtu mwema. Kwa muda wa miezi ile mama alipewa kiti, akapewa chai, akapewa mwavuli, na pole nyingi sana. Jibu hakupewa.

Nyumbani mzee alikuwa na kalenda ukutani, ndiyo kipimo chake. Mwezi wa kwanza alikuwa anasoma tarehe. Baadaye tarehe zikapotea, akawa anasoma jina la mwezi tu. Baadaye tena akawa anaona kwamba pale ukutani pana picha, lakini ya nini, hajui. Kila Jumanne mama akirudi alimuuliza, "Wamesemaje?" na mama akamjibu, "Wamesema inashughulikiwa." Na mzee akageukia kalenda yake.

Siku thelathini zikapita, zikapita tena mara tano. Hapo akatokea wakili mmoja wa msaada wa kisheria, msichana wa watu, viatu vimejaa vumbi la vijijini. Akamwambia mama waende mahakamani.

Mama akaogopa. "Nimshtaki yule karani? Yule ananipa chai."

"Hatumshtaki yeye, mama. Tunaiomba mahakama iwaambie wakujibu."

Basi kesi ikafunguliwa. Mahakama ikaiandikia manispaa, ikasema tuelezeni ndani ya siku kumi na nne kwa nini hamkumjibu mama huyu. Na manispaa haikuijibu mahakama. Chekeni tu, hata mimi nilicheka, kisha nikakumbuka kalenda ya mzee. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena kwa kuwa mwenye faili yuko likizo. Ilipokuja kusikilizwa ulikuwa umepita mwaka na miezi minne, na mama aliingia mahakamani akimwongoza mumewe kwa mkono, kwa sababu mzee alikuwa haoni tena kitu.

Wakili wa serikali akasimama, akasema, "Mheshimiwa Jaji, hapa hakuna mgogoro. Hatujamkatalia mama huyu taarifa yoyote."

Jaji, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akauliza, "Mmempa?"

"Hatujampa, Mheshimiwa. Lakini hatujamkatalia."

"Basi mnaliitaje hilo?"

Wakili akapekua karatasi zake. Jaji akaagiza faili lenyewe liletwe, asubuhi ile ile, na karani aje nalo. Likaja. Akalifungua, akasoma karatasi moja baada ya nyingine. Alipoinua uso alimwita karani kwa cheo chake, akamuuliza kama mwandiko ule ni wake.

"Ni wangu, Mheshimiwa."

"Hapa naona ulilipata jibu siku ya tatu tangu barua ipokelewe."

"Siku ya tatu, ndiyo."

Wapendwa, mmesikia? Siku ya tatu. Mzee bado anasoma tarehe kwenye kalenda.

Ikajulikana ilivyokuwa. Karani alifungua kitabu, akaliona jina, akaandika barua ya kumjibu mama, fupi na ya kueleweka, akaipeleka kwa mkubwa wake aitie saini. Mkubwa akaisoma, akaguna, akaandika pembeni kwa wino mwekundu, Lainisha. Karani akalainisha, akapeleka. Ikarudi. Lainisha zaidi. Wanaofanya kazi maofisini wanaujua mchezo huu, barua inapanda ghorofani na kushuka mpaka inasahau ilitumwa kusema nini. Mle ndani ya faili mlikuwa na rasimu tisa, kila moja laini kuliko mwenzake. Ile ya tisa ilikuwa na mstari mmoja tu, kwamba suala lako linaendelea kufanyiwa kazi. Na hiyo nayo ilikuwa bado inangoja saini.

"Kwa nini?" Jaji akauliza.

Karani akashindwa kumtazama mama. "Mheshimiwa, kitabu kinasema mtoto yule hakuzikwa katika kaburi lake mwenyewe. Walikufa wengi wiki ile na wachimbaji walikuwa wachache. Alizikwa pamoja na watu wengine sita, kaburi moja. Mkubwa wangu aliogopa maneno hayo yasije yakamuua mama wa watu. Mimi nami kila Jumanne nilimtazama nikakosa pa kuanzia. Nilimwonea huruma."

Jaji akavua miwani yake. Akasema, "Mlipewa siku thelathini za kujibu. Hamkupewa hata siku moja ya kupima moyo wa mama huyu unaweza kubeba nini."

Ndipo mama akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, akaomba kuuliza kitu. Akaruhusiwa. Akamgeukia karani.

"Baba, umesema alikuwa na watu?"

"Sita, mama yangu. Nisamehe."

"Mmoja ubavu huu na mwingine ubavu huu?"

"Kitabu hakisemi hivyo, mama. Lakini nadhani yuko katikati. Jina lake ni la nne."

Mama akakaa. Akafungua ile kanga iliyokuwa na nakala ya barua, akajifunika nayo uso, akalia mpaka mahakama nzima ikamngoja. Alipopata sauti alisema, "Miaka ishirini na saba nimeumia nikifikiri analala peke yake. Mtoto yule hajui kulala peke yake. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniua, baba. Kumbe ulikuwa na dawa yangu mezani kwako, ukawa unanipa chai."

Kisha akaomba aandikiwe na majina ya wale sita. Alitaka kila akiomba awataje, kwa kuwa walimpokea mwanawe.

Hukumu ilisomwa siku hiyo hiyo, na karani akaondoka nao kuwaonyesha. Hakutumwa, alijipeleka. Makaburi ya manispaa yako nyuma ya hospitali, wakahesabu mistari mpaka wakafika. Mama akaitandika kanga juu ya udongo. Mzee akapiga magoti, akapitisha viganja vyake polepole, upande huu mpaka upande ule, kama baba anayehakikisha watoto wote wamefunikwa.

Akauliza, "Karani, uko hapo?"

"Niko hapa, mzee."

"Hapa pana nini? Niambie."

"Majani ya kawaida, mzee. Na maua madogo madogo ya njano, yameota yenyewe."

Mzee akayapapasa mpaka akalipata moja. Akakaa nalo kwenye vidole. Hakukasirika, sauti yake ilikuwa ile ile. Akasema, "Siku ya tatu ningeyaona."

Hapo, wapendwa, mimi sina la kumsaidia karani.

Wapendwa, mngependa niishie kwa manispaa. Mngeitikia amina kubwa na kwenda nyumbani mkiwasema wakubwa. Ni kweli, wanaokalia majibu ya watu wana neno na Mungu, na ninyi mlioko maofisini humu ndani mmesikia, siwarudii. Mzee Ngailo, nilisema nitakufikia, ndiyo hapa, nawe unajua nakupenda. Lakini ni nani kati yetu asiye na masijala yake nyumbani?

Mtoto anakuuliza baba yangu ni nani, unamwambia utakua utajua. Ana miaka ishirini na miwili sasa, hajakua tu? Mkeo anakuuliza umefukuzwa kazi au hujafukuzwa, unamwambia tutaongea. Binti wa watu anangoja useme kama utamuoa, nawe unampelekea zawadi Krismasi na kumsalimia mama yake vizuri sana. Sisi si wakatili. Hata mmoja hatujamkatalia. Tunalainisha tu, mpaka yule anayetuuliza anabaki na maneno mazuri yasiyo na kitu ndani, na macho yake yanazidi kupungua.

Nami nisijifanye sina wino mwekundu wangu. Kaka yangu alipolazwa, daktari aliniambia mimi kwamba hatatoka. Mama yetu akaniuliza, "Daktari kasemaje?" Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri. Mama akabaki nyumbani anachambua maharage ya kumpikia akitoka. Siku mbili nzima amechambua maharage, wakati angeweza kuwa pale kitandani ameshika mkono wa mwanawe. Nilijiambia nimemhurumia. Sasa hivi nikikumbuka naona nilikuwa nahurumia nafsi yangu, nisije nikauona uso wake akisikia.

Sisi ndio tunaopiga magoti hapa kila Jumapili tukisema, Bwana, utujibu hima. Tunajua kabisa kungoja kunavyouma. Na tumemsikia Mama Sekela. Lile tulilodhani litamvunja ndilo lililomtuliza. Hatukulijua hilo, na tusingeweza kulijua, kwa sababu moyo uliouliza haukuwa wetu.

Basi yupo mtu ambaye leo, ukifika nyumbani, atakuuliza tena. Unamfahamu, hata sasa umeshamkumbuka. Mpe kiti. Mpe na chai, si vibaya. Halafu mjibu.