Koplo wa Kipilefti

Sogeeni karibu, na msisinzie, maana hadithi hii nitawaachia ninyi muimalize, na nitaanza kumuuliza yule aliyefumba macho.

Katika mji mdogo wa kusini uitwao Litumbula waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Bi Sikujua Luambano, kiongozi wa kwaya, ambaye kipaji chake kilikuwa sauti. Akiita kuku wake jioni, na kuku wa kijiji cha pili walirudi mabandani. Padri alimwomba kwa adabu awe anaimba akiwa amesimama nje ya mlango wa kanisa, na bado waumini wa safu ya mbele walimsikia yeye kuliko walivyosikia nafsi zao.

Wa pili ni Mzee Rashidi Mapunda, aliyekaa juu kabisa mlimani, na kipaji chake kilikuwa baiskeli. Breki alizing'oa mwenyewe ujanani, akisema zinamchelewesha. Miaka sabini na ushee alikuwa nayo, na kwenye mteremko hakuna pikipiki iliyowahi kumpita, hasa kwa kuwa waendesha pikipiki wakimwona waliingia vichakani.

Wa tatu ni Farida Chilumba, mwanamke kijana, dereva wa greda la kampuni iliyokuwa inaleta barabara ya lami. Watu walisema angeweza kupasua yai kwa lile jembe la greda bila kugusa kiini. Hakuna aliyewahi kumpelekea yai, lakini hakuna aliyebisha.

Watatu hawa wasingekuwa na la kugombania, kama si Koplo.

Koplo alikuwa sanamu ya shaba, askari mwenye bunduki, amesimama juu ya nguzo ya mawe katikati ya kipilefti cha mji, pale magari yanapozunguka. Wakoloni walimsimamisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuwakumbuka askari weusi waliokufa wakipigana vita ya wazungu. Wazee walisema sura ile ni ya Koplo Mapunda, babu yake Rashidi, ambaye alikwenda vitani na hakurudi. Na wazee haohao walisema kwamba kabla ya hapo, wakati wa Maji Maji, koplo huyohuyo alipita bondeni akichoma ghala za mahindi moja baada ya nyingine. Ghala hizo zilikuwa za akina Luambano. Wengi wao walikufa kwa njaa porini wakichimba mizizi.

Kwa hiyo Bi Sikujua alikuwa na hoja moja katika kila mkutano. Wakijadili maji ya bomba, yeye alisema Koplo aondoke. Wakijadili choo cha sokoni, Koplo aondoke. Mzee Rashidi naye kila Ijumaa alipanda ngazi kumsugua Koplo kwa ndimu na majivu, na akifika puani alipunguza nguvu, kama anayemwosha mtoto. Bi Sikujua akipita hapo aligeuza uso. Akiwa na ndoo kichwani aligeuka mwili mzima. Lakini wakikutana sokoni walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za wajukuu, kisha wakanuniana mpaka mkutano ujao.

Asubuhi moja likaja lori lenye winchi, na wanaume wanne waliovaa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa. Walisema wametumwa kumwondoa Koplo kupisha barabara. Hakuna aliyewauliza zaidi, maana mtu aliyevaa kofia ngumu huwa haulizwi. Bwana Ngoliga, mwenyekiti wa mji, alitoka ofisini akawapa mikono wote wanne, akashukuru kimoyomoyo kwamba kesi ile imekwisha bila yeye kuamua lolote.

Bi Sikujua alipopata habari alikuja mbio na birika la uji. Aliwamiminia, akawaombea baraka, na Koplo alipong'olewa na kuning'inia hewani miguu ikielea, alianzisha wimbo wa shukrani ambao ulifanya mmoja wa wale mafundi azibe masikio. Alikuwa na furaha iliyomtoa machozi. Alimfikiria bibi yake, ambaye mpaka anakufa alikuwa anaficha viazi chini ya kitanda, akiogopa watakuja tena kuchoma.

Alikuwa anaokota vikombe nyuma ya lori aliposikia dereva akiongea kwenye simu. Dereva alisema mzigo wameupata kirahisi kuliko walivyotarajia, kuna mama hata amewapa uji. Alisema watakata kichwa kwanza ndipo kiingie kwenye tanuri, na kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu asiwe na wasiwasi, leo hiihii shaba yake anaipata. Kisha wakampungia mkono, wakaondoka.

Bi Sikujua alibaki amesimama na vikombe vyake. Alichokiomba miaka yote kilikuwa kinaondoka mbele ya macho yake, tena kinakwenda kuyeyushwa, na yeye alitakiwa tu kunyamaza. Kunyamaza ni kazi ambayo hakuwahi kuifanya, lakini alijaribu. Alihesabu vikombe. Akavihesabu tena.

Halafu akaona yatakayokuja. Koplo akiibwa, hakuna atakayesema kwa nini hakustahili kusimama pale. Watu watamlilia kama mali ya mji iliyopotea. Vijana ambao hawakuwahi kumtazama watavaa fulana zenye picha yake. Mwaka ujao utafanyika mchango, na atasimamishwa Koplo mwingine wa saruji, mkubwa mara mbili, amepakwa rangi ya dhahabu. Na ghala za bondeni hazitatajwa na mtu tena.

Akavuta pumzi, akageukia mlimani, akapiga ukelele mmoja.

"Rashidi, wanamwiba babu yako."

Mzee Rashidi alikuwa uani anakunywa chai. Alisikia kila neno. Lori lilikuwa linazunguka mlima kwa barabara ya magari kuelekea darajani, na yeye alishika njia ya mkato ya mbuzi iteremkayo moja kwa moja. Waliomwona wanasema hawakumwona, waliona vumbi. Alipita katikati ya kamba ya nguo akatoka na shuka begani. Alifika darajani kabla ya lori, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hana breki. Alimpita Farida, aliyekuwa kazini pale juu ya greda lake linalonguruma, akamtupia maneno yaliyomtoka: lori, babu, zuia. Kisha akaingia kwenye shamba la mpunga na baiskeli yake, akavunjika mkono.

Farida hakuelewa vizuri. Alidhani babu wa mtu amechukua lori na hajui kuendesha. Hata hivyo aligeuza greda, akaliweka limekingama darajani, akashusha jembe mpaka likagusa zege, na pande zote mbili ikabaki nafasi ya kupita kuku mmoja mwembamba. Lori lilifunga breki mbele ya jembe. Wale wanaume wakatazama greda, wakatazama mji wote unaokuja mbio nyuma yao, wakavua kofia ngumu na kukimbilia kwenye alizeti. Mpaka leo hawajulikani walipo.

Koplo alikutwa amelala chali chini ya turubai, pua imepinda.

Bwana Ngoliga alichoka. Aliitisha mkutano, akatangaza kwamba mji umegawanyika vya kutosha, na kwamba yule aliyemwokoa Koplo ndiye aamue hatima yake, na neno lake halitapingwa. Alikaa chini akiwa ameridhika. Alidhani amemaliza.

Bi Sikujua alisimama kwanza. Ukelele ule ulimkausha koo, na sauti iliyobaki ilikuwa mnong'ono. Kwa mara ya kwanza mkutano mzima uliinama kumsikiliza. Alisema asingepiga kelele, Koplo angekuwa tayari ni mabomba na vitasa vya milango. Tena wenzake waliokoa walichokipenda au wasichokijua, yeye peke yake aliokoa anachokichukia. Kwa hiyo neno ni lake. Ayeyushwe, lakini hapa mjini, mchana, watu wote wakitazama, na majina ya waliokufa kwa njaa yasomwe.

Mzee Rashidi alisimama na mkono wake uliofungwa. Alisema sauti ya dada yake Sikujua ni kubwa, lakini haikufika darajani, kulikuwa na mngurumo wa greda. Iliyofika darajani ni mifupa yake yeye. Koplo arudi juu ya nguzo yake.

"Sikatai aliyoyafanya," alisema. "Nimeyasikia toka utotoni, na yananiuma. Lakini babu yangu hana kaburi. Nikitaka kumsalimia, nakwenda wapi?"

Bi Sikujua, aliyekuwa bado amesimama, alimgeukia.

"Na mimi nakwenda wapi, kaka Rashidi?" alinong'ona. "Walioanguka porini nani aliwazika?"

Mzee Rashidi alivuta kiti chake kidogo, akampisha akae.

Farida akasimama mwisho. Aliwaamkia wazee wake, akasema mama ana sauti na babu ana mbio, lakini sauti haizuii lori, na baiskeli, kama wote walivyoona, haijizuii hata yenyewe. Lililozuia ni greda, na kwa kuacha kazi na kuziba daraja kwa greda la kampuni amefukuzwa. Kwa hiyo neno ni lake. Koplo asiyeyushwe, wala asipandishwe. Ashushwe chini, asimame kwenye udongo pale sokoni, kimo sawa na watu, na ubaoni kando yake yaandikwe yote, vita aliyofia na ghala alizochoma.

"Nimekua nikiona soli za viatu vyake tu," alisema. "Nataka mtu aweze kumtazama machoni na kumwambia analotaka kumwambia."

Mzee Rashidi alisema hatakubali babu yake asimame karibu na wauza dagaa. Bi Sikujua alisema yeye ndiye anayenunua dagaa hapo kila siku, na hataki kumkuta. Basi wakawa wamekubaliana jambo moja kwa mara ya kwanza maishani, na lilikuwa la kumpinga Farida.

Kikao kiliendelea hadi watu wakaanza kuulizia chakula. Bwana Ngoliga aliwatazama mmoja mmoja, akafuta jasho, akasema anakwenda kuomba ushauri. Hajarudi. Koplo amelazwa nyuma ya ofisi, chini ya turubai, na kuku jike wa mlinzi ametaga kwenye kiwiko chake.

Sasa ushauri huo ninaomba kwenu. Aliyeita ndiye aliyeanza, na angeweza kunyamaza akapata alichotaka. Aliyeteremka ndiye aliyevunjika, na Koplo ni damu yake. Aliyeziba ndiye aliyelizuia lori, na kazi imemponyoka. Ukimwondoa mmoja, Koplo hayupo. Ukimpa mmoja neno, wawili watakwenda nyumbani na uchungu wao.

Haya, wewe uliyefumba macho, naanza nawe. Neno ungempa nani, na Koplo angesimama wapi?