Pua ya Mtumbwi wa Nyangeta

Mnaiona ile pua ndefu inayochomoza mbele ya mitumbwi yetu ya kushonwa? Msidhani ni pambo. Tulieni niwaambie, maana habari hii naijua vizuri na sitaki kusahihishwa na mtu.

Hapo kale, ziwa likiwa bado changa, mitumbwi yote ilikuwa butu mbele. Mkondo wa maji kati ya kisiwa chetu na bara ulikuwa wa kiboko. Alikuwa akiibuka kutoka chini, anauma mbao za mbele, nyuzi zinakatika, mtumbwi unafumuka. Hivyo ndivyo alivyomuua mke wa fundi Bwire, akamwachia fundi binti mmoja, Nyangeta.

Nyangeta alipokua akaposwa bara. Bwire alijawa na hofu, lakini neno alikwisha kulitoa, ikabidi aunde mtumbwi wa kumvusha mwanawe. Sasa, kwa desturi yetu, mkuku, yaani mti wa chini unaobeba mtumbwi wote, hutolewa na mjomba wa bibi harusi, wala hakuna anayethubutu kuufupisha. Kuukata ni kumwambia mjomba kwamba undugu wake umezidi.

Bwire akampelekea Maregesi, kaka wa marehemu mkewe, hesabu ya pima za mkuku, pima moja ikiwa upana wa mikono iliyonyooshwa. Hapo ndipo alipokosea. Bwire alikuwa mfupi na alipima kwa mikono yake mifupi. Maregesi alikuwa pande la mtu, naye akapima kwa mikono yake mwenyewe. Mbao ziliposhonwa, mkuku ukabaki umechomoza mbele kwa urefu wa mtu aliyelala. Kijiji kizima kikacheka mpaka mbavu zikauma.

"Shemeji, umeniletea mkuku au daraja la kwenda bara?" Bwire akauliza.

"Ukate basi, tuone," Maregesi akajibu.

Bwire akaweka shoka chini.

Siku ya kuvuka, Bwire alishika kasia nyuma, Maregesi mbele, na Nyangeta akaketi katikati yao. Walipofika kwenye kina, kiboko akaibuka kwa kishindo, akaachama, akauma kitu cha kwanza kilichomfikia. Kikawa mkuku. Mti ule mgumu ukamwingia hadi kooni, nao wanaume wakazidi kupiga makasia kwa nguvu zao zote. Taya likateguka. Kiboko akauachia mti, akazama akiguna, na mbao hazikukatika hata uzi mmoja. Bwire alipomkabidhi binti yake mzimamzima, alilia kwa furaha mbele ya wakwe bila haya yoyote.

Na tangu siku hiyo, hakuna fundi wa kwetu anayeunda mtumbwi usio na pua. Naye kiboko kila aionapo pua hiyo huachama kinywa mpaka mwisho. Wageni hudhani anatisha watu. Hamtishi mtu yeyote yule. Anajaribu taya lake, kama limepona.