Wembe wa Bwana Nyati

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na maji?
— Palikuwa!
Yamekwenda wapi?
— Hatusemi!

Hamsemi, eh? Basi apeni kabisa, kidole ulimini halafu juu. Haya hayatoki hapa. Kanga aliyenisimulia aliniapisha, na tangu hapo sijamwambia mtu, ila mashoga wa kisimani, na mkwe wa jirani, na sasa ninyi.

Bi Chura alikuwa na dimbwi lake chini ya chemchemi, na ndani yake viluwiluwi, wanawe, weusi tititi, wakicheza chubwi! chubwi! Juu kilimani alikaa Bwana Nyati, pembe hizi, tumbo hili. Kila kiangazi Nyati alichoma nyika, wuuu! ili nyasi changa zimchipukie. Akala, akashiba, akachoma tena.

Akachoma kilima. Dimbwi likapungua. Bi Chura akapanda, tapu, tapu.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Moto wako unanikaushia maji."

"Marahaba. Acha hofu, bibi wewe. Nchi ni kama kichwa. Ukikinyoa, nywele huota tena."

Wanyama wakaitikia, "Kweli, huota!"

Akachoma bonde. Dimbwi likapungua. Bi Chura akapanda, tapu, tapu.

"Bwana Nyati, wanangu wanahema."

"Nchi ni kama kichwa, mara ngapi nikwambie?"

"Kweli, huota!"

Akachoma msitu unaoifunika chemchemi. Safari hii Bi Chura hakupanda. Alikuwa akiwafunika wanawe kwa tope, mmoja mmoja, na tope lenyewe likapasuka. Akanyamaza. Chura akinyamaza, jueni hapo kuna msiba.

Watu wote wa nyika wakaja matangani. Nyati naye akaja siku ya kuondoa tanga, kachelewa, kanzu imemkaa upande, anatweta. Ubwabwa ni ubwabwa. Siku hiyo, kwa desturi yao, waombolezaji hunyolewa.

"Aanze mkubwa wetu," alisema Bi Chura.

Nyati akainamisha kichwa, anatabasamu. Bi Chura akachomoa kijinga cha moto mekoni, ssss!

"We! Nini hicho?"

"Wembe, bwana."

"Huo ni moto!"

"Si ulisema ni mamoja? Tulia, zitaota."

"Mpumbavu wewe! Wembe hukata nywele, ngozi ikabaki. Moto hula na ngozi! Pakiungua hapa hapaponi, hapaoti hata unywele!"

Kanga akasogea asikie vizuri.

"Kumbe unajua," Bi Chura akasema taratibu. "Siku zote ulijua."

Nyati akaruka nyuma. Kanzuni mwake vikaanguka, tak! tak! vijiti vya kupekechea moto, ncha nyeusi, bado zafuka. Wote wakageuka. Kule chemchemini, kwenye kichaka cha mwisho, moshi ulikuwa unapanda.

"Nili... nilikuwa nawanyolea," akasema Nyati.

Hakuna aliyeitikia.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie sukari. Na funzo lake ni hili, wajukuu: mkubwa akiwapigia mfano, itikieni "kweli," msiupime. Mkiupima mtajua, na kujua hakujamrudishia Bi Chura hata mtoto mmoja.

Na mmeapa.