Kidari Hakikatwi

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo siwapi hadithi ya kubembelezea usingizi, nawapa kesi. Mimi nasimulia tu, hukumu ni yenu. Nimeshawaona wawili watatu hapa ambao watakurupuka na jibu kabla sijamaliza. Nawaomba msubiri.

Walikuwepo watu watatu katika milima ya Upare, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Nakundwa. Kipaji chake kilikuwa mikono isiyochoka wala kuona kinyaa. Kazi ambayo mimi na wewe tungeifanya mara tatu tukaanza kutafuta udhuru, yeye aliifanya mara mia tatu kwa upole uleule.

Wa pili aliitwa Namsifu, mwalimu wa darasa la pili. Kipaji chake, na msicheke, kilikuwa kukosa huruma. Kusema kweli huruma alikuwa nayo, ila aliifungia kabatini kama sukari ya wageni.

Wa tatu aliitwa Kiondo, na kipaji chake kilikuwa kucheka. Ungemsimulia kichekesho kimoja asubuhi, mchana na jioni, angekicheka mara zote tatu mpaka machozi yamtoke, na wala hakuwa anaigiza.

Katikati yao alikuwepo mtu mmoja, Sifueli. Nakundwa alikuwa mkewe, Namsifu dada yake wa tumbo moja, na Kiondo mtoto wa baba yake mdogo. Sifueli alilima tangawizi kama wenzake wote, lakini ukoo ulimjua kwa jambo jingine. Yeye ndiye aliyekuwa mgawaji wa nyama.

Hapo lazima niwaeleze, maana kesi yote imekaa hapo. Ukoo ule ulikutana kila mwaka siku mbili baada ya Krismasi, ukachinja ng'ombe. Nyumba zilikuwa ishirini na mbili, na kila nyumba ilikuwa na fungu lake tangu enzi za babu: hawa shingo, wale mbavu za kushoto, maini kwa bibi wasio na meno. Mgawaji hakusoma karatasi. Alisimama na kisu, akaita nyumba moja baada ya nyingine, na ole wake aliyempa mjomba fungu la shangazi.

Kipande cha mwisho kilikuwa kidari, ile nyama ya kifua, na kidari kilikuwa na sheria zake. Hakikatwi. Hupewa mtu mmoja aliyetenda jambo kubwa, na mwaka mzima mtu huyo huheshimiwa kila apitapo. Na mgawaji anapokitoa, lazima aseme mbele ya wote jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe. La kuambiwa halikubaliki. Wazee waliweka sheria hiyo kwa sababu zamani vidari vilikuwa vinaliwa na wenye ndimi ndefu.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa tatu, Sifueli alipanda ngazi kupigilia bati la ghala la tangawizi. Kiondo alikuwa chini ameishika ngazi. Mara mama mkwe wa Kiondo akapita njiani. Ninyi mnajua adabu za wakwe. Kiondo aliachia ngazi, akavua kofia, akasogea pembeni kumwamkia kwa heshima zote. Ngazi iliteleza kwenye tope, na Sifueli akaangukia jiwe la msingi kwa kichwa.

Hakufa. Ila yule aliyechukuliwa pale chini hakuwa Sifueli tuliyemzoea, na ilichukua miaka mitatu kumrudisha.

Miezi saba ya kwanza ilikuwa ya Nakundwa. Sifueli alilala katika hospitali ya rufaa, macho yamefunguka lakini hayamtazami mtu. Nakundwa alimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Alimlisha uji kwa mpira wa puani. Alimsafisha, akamnyoa ndevu, akamsimulia habari za shamba na za watoto wao wawili kama vile anajibiwa. Wauguzi walimwambia apumzike. Alisema atapumzika mume wake akigeuka mwenyewe. Katika mwezi wa saba wa kulazwa, Sifueli alimtazama, midomo ikacheza, akasema maneno yake ya kwanza.

"Asante, sista. Una watoto?"

Nakundwa alijibu, "Ninao wawili."

"Mungu akutunzie," alisema Sifueli kwa adabu.

Alidhani ni muuguzi. Nakundwa alitoka hadi kwenye korido, akafungua bomba la kunawia mikono ili watu wasisikie, akalia. Kisha alirudi kumgeuza, kwa sababu muda ulikuwa umefika. Na niwaambie jambo moja mlishike sana: katika miezi ile saba, Sifueli hakumbuki hata siku moja. Hata hayo ya sista hayakumbuki. Madaktari walisema hayatarudi kamwe.

Aliporudi nyumbani, akiburuta mguu mmoja na maneno nusu yamepotea, shamba lilikuwa limegeuka pori na watoto walihitaji kula. Nakundwa alichukua jembe. Kila siku aliondoka kukipambazuka na kurudi jua likizama. Kwa hiyo, siku Sifueli alipoanza kuona na kukumbuka, alichokiona kwa mkewe ni mgongo ukishuka kwenda shamba.

Ndipo ikaja zamu ya Namsifu. Alifika kila asubuhi kabla ya shule na kila alasiri baada ya shule, na ubao mdogo kwapani. Aliutundika jikoni, akaandika hatua za kuchemsha chai, moja mpaka tisa, maana kaka yake alikuwa anatia majani kwenye jagi la maji baridi na kushangaa chai haiivi.

"Nipe sufuria," Sifueli alimwambia.

"Miguu unayo."

"Siwezi!"

"Sikukuuliza kama unaweza. Hatua ya kwanza inasemaje?"

Alimfichia fimbo ili atembee kwa kushika ukuta. Alimwacha afunge vifungo vya shati nusu saa nzima, huku ndugu na majirani wakimwona Namsifu katili. Siku moja Sifueli alimtupia kikombe, kikampasua juu ya jicho. Namsifu alifuta damu kwa kanga, akaviangalia vile vigae sakafuni, akasema, "Sasa lete ufagio. Na kufagia nako kuna hatua zake." Sifueli alilia kwa hasira, lakini alifagia. Siku hiyo anaikumbuka vizuri mno, na siku nyingine kama hiyo mia nne.

Sasa Kiondo. Mtu anayerudia jambo lilelile mara kumi hukimbiwa na marafiki. Hawamkimbii kwa ubaya. Wanapata tu shughuli. Ndivyo ilivyokuwa kwa Sifueli. Alikuwa na kisa kimoja cha mbuzi aliyekula kofia ya mchungaji, na alikisimulia kila siku kama kimetokea jana. Kiondo alikuja kila siku akishamaliza kukamua ng'ombe wake, akaketi, akakisikiliza, akacheka mpaka akajishika mbavu. Alikwenda naye sokoni, kanisani, hata kwenye vikao vya ushirika, na mtu akiuliza, "Huyu naye anafuata nini?" Kiondo alijibu, "Anafuata ninachofuata mimi."

Siku moja Sifueli alimwambia, "Bora ningekufa palepale."

Kiondo hakucheka siku hiyo. Alimwambia, "Mimi ndiye niliyeachia ngazi."

Sifueli akajibu, "Ngazi hiyo mimi siioni kichwani. Ninachoona ni wewe unacheka." Akamshika mkono, akamsamehe. Wiki iliyofuata alikuwa amesahau, na Kiondo, kwa kuwa hakutaka kuketi hapo na siri, aliungama upya. Aliungama mara nne kabla jambo hilo halijamkaa Sifueli kichwani. Hebu fikirini, kumwomba mtu msamaha mara nne, na mara zote nne akushtukie kama anasikia kwa mara ya kwanza.

Basi mwaka wa tatu Sifueli aliweza kutembea, kuchemsha chai na kuvuna tangawizi. Lakini palikuwa na jambo lililomuuma kuliko mguu. Wageni walipofika walimuuliza Nakundwa, Sifueli mwenyewe akiwa ameketi papo hapo, "Anakula? Analala vizuri? Leo kaamka na hasira?"

"Nipo hapa," alisema Sifueli. "Niulizeni mimi."

Walitabasamu kwa huruma, kisha wakamgeukia tena Nakundwa. Sifueli alimwendea baba yake mkubwa, Mzee Mbazi, akasema anataka arudishiwe kisu chake cha kugawia. Mzee Mbazi alikuwa mtu wa haki, na haki wakati mwingine haina ladha. Alisema, "Desemba hii utagawa. Ukimaliza sawasawa, hakuna mtu katika ukoo huu atakayekuhesabu mgonjwa tena. Ukikwama, uweke kisu chini, na tusilizungumze tena."

Namsifu aliandika nyumba ishirini na mbili ubaoni, akawa anafuta moja kila wiki mpaka ubao ukawa mtupu. Kiondo alikata vipande vya mgomba, akavipanga uani, na kila jioni Sifueli aliwagawia watu wasiokuwepo, huku Kiondo akiwa mjomba, shangazi na bibi asiye na meno kwa zamu. Nakundwa alikuwa shambani.

Siku ilipofika, watu walijaa uani. Sifueli alishika kisu, akaita. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kwenye ya kumi na saba alinyamaza. Watu walitazama chini kwa kumwonea aibu. Alifumba macho, akagonga vidole pajani kama dada yake alivyomfundisha, kisha akaita jina. Lilikuwa sahihi. Aliendelea mpaka ya ishirini na mbili, na vigelegele vikapasuka mpaka kuku wakakimbia.

Kikabaki kidari. Mzee Mbazi aliinua mkono watu wanyamaze. "Mgawaji, ukoo umeona kazi yako. Sasa mpe aliyekurudisha kwetu, na useme ulichokiona."

Shangazi mmoja hakuvumilia. "Nakundwa! Nani mwingine? Sote tulimwona hospitali!"

"Ninyi mlimwona," alisema Mzee Mbazi. "Mgawaji hakumwona. Sheria haijasema aliyeonwa na shangazi."

"Basi Kiondo," akasema kijana mmoja. "Huyo alimwona kila siku."

"Kiondo aliyeachia ngazi?" mwingine akadakia.

"Ngazi nayo Sifueli hakuiona! Ameambiwa tu! Kama ya kuambiwa hayahesabiwi kwa Nakundwa, yasihesabiwe kwa Kiondo!" yule kijana akamjibu.

"Na mwalimu je?" aliuliza shangazi wa pili. "Bila ubao wake, leo angejua hata nyumba moja?"

Namsifu aliitikia kutoka nyuma, kwa sauti ya darasani, "Mimi sikitaki." Lakini nitawaambia siri yake: alikuwa amevaa gauni jipya siku ile, na hakuwa na sherehe nyingine. Kiondo alikuwa ameinamisha kichwa. Kesho yake aliniambia alikuwa anaomba asitajwe, na papo hapo anaomba atajwe.

Sifueli alikichomeka kisu kwenye gogo la kukatia, akainua kidari kwa mikono miwili. Alizungumza polepole, neno moja moja, kama anavyozungumza siku hizi.

"Nilichokiona kwa dada yangu ni mtu anayeninyima fimbo. Nilimchukia. Bado nikiusikia mlango asubuhi moyo unanishtuka. Najua alinisaidia. Lakini nikisema niliona wema, sikuuona. Nilichokiona kwa Kiondo ni mtu anayefurahi nikifungua mdomo. Hicho nilikiona. Na mke wangu... Mke wangu nimeambiwa."

Alimtazama Nakundwa. Ingekuwa rahisi. Angesema tu, "Niliona mke wangu akinigeuza," na nani angesimama kumpinga? Wangelia wote. Lakini angekuwa amesema uongo mbele ya ukoo mzima siku ileile aliyorudishiwa kisu, na wote wangejua ni uongo. Nakundwa aliyajua hayo kabla yake. Akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Alikuwa na machozi, na hakuyafuta.

Damu ya kidari ilimchuruzika Sifueli mpaka kwenye viwiko. Huku nyuma watu walianza kunong'onezana, "Maskini, bado." Mzee Mbazi alisogea hatua moja, mkono wake mmoja umenyooka kuelekea kisu, na uso wake, niliuona mimi, ulikuwa unaomba mkono huo usikifikie.

Mimi nakomea hapo. Msinitazame hivyo, nimewaambia mapema kwamba hukumu ni yenu. Yupo aliyemtunza wakati mwenyewe hajui kwamba anatunzwa. Yupo aliyemfundisha akachukiwa. Yupo aliyempa sababu ya kuishi, na ndiye aliyeachia ngazi. Ukiyahesabu ya kuambiwa, wema wa Nakundwa unaingia, na kosa la Kiondo linaingia pamoja nao. Ukiyakataa, yote mawili yanabaki nje ya ua, na Nakundwa anarudi nyumbani mikono mitupu.

Haya, wewe uliyekunja uso tangu nilipotaja ngazi, anza wewe. Wengine mtafuata. Mzee amebakiza hatua mbili kukifikia kisu, na wewe ndiye Sifueli. Unamkabidhi nani kidari, na unasema umeona nini?